Mbwa na Paka Nyumba Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mombasa

Maswali haya ni yale yale ambayo watu huuliza kila wanapokutana na mtu mwenye mbwa na paka pamoja, iwe Likoni, Kisauni, Tudor au Nyali. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Kabla hujaleta mgeni

Kweli mbwa na paka wanaweza kuishi pamoja?

Wanaweza, na wengi wanaishi. Kinachowaponza watu ni kutarajia urafiki. Picha za paka aliyejilaza juu ya tumbo la mbwa zinapendeza, lakini kipimo cha haki ni kingine: mbwa anapita, paka hainui kichwa, paka anavuka ukumbi, mbwa anaendelea na usingizi wake. Kupuuzana ni amani tosha. Mkifika hapo mmefaulu, na ukianza kuwasukuma wapendane zaidi ya hapo utaharibu ulichojenga.

Ugomvi wao hautokani na chuki. Mbwa ameumbwa kufukuza kinachokimbia, na paka ameumbwa kukimbia kinachomjia kwa kasi. Basi huyu anafukuza kwa sababu yule anakimbia, na yule anakimbia kwa sababu anafukuzwa. Kazi yako ni kuukata mzunguko huo kwa pande mbili: mbwa afunzwe kuacha, na paka apewe pa kwenda bila kulazimika kukimbia. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

Nianze na yupi, na wa umri gani?

Mtoto wa paka hujifunza ulimwengu wake zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 7. Mtoto wa mbwa ni kati ya wiki ya 3 na ya 12, au ya 14 hivi. Aliyeonana na mwenzake vizuri katika kipindi hicho hukua akimchukulia kuwa sehemu ya nyumba.

Hata hivyo usidhani kuwa mtoto wa paka na mbwa mkubwa ni mseto rahisi. Mbwa wa kilo 30 anayetaka kucheza tu anaweza kumuua mtoto wa paka kwa kumkanyaga. Ukiniuliza, mseto mwepesi kuliko yote ni paka mtu mzima, mtulivu, aliyewahi kukaa na mbwa, kisha unamletea mtoto wa mbwa. Paka wa namna hiyo humfunza mtoto adabu kwa kofi moja la pua. Mgumu kuliko yote ni mbwa mkubwa aliyekaa miaka akisifiwa kwa kufukuza paka ukutani (tazama swali la paka wa mtaani).

Aina ya mbwa ina tofauti?

Ina, ila si kama watu wanavyodhani. Mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kuwinda au kuua panya wana hamu kubwa zaidi ya kufukuza. Lakini mbwa wetu wa kienyeji, ambao watu huwaita mbwa koko kwa dharau, mara nyingi wamekua wakigawana jalala na paka wa mtaa na wanazijua kucha vizuri.

Mpime mbwa mwenyewe. Mfunge kamba, msimamishe mbali anapomwona paka, kisha muite kwa jina na umwonyeshe kipande cha nyama. Akigeuza kichwa, mna pa kuanzia. Akibaki amekauka, macho mbele, hasikii jina wala haoni nyama, mna kazi ndefu.

Sisi ni Waislamu. Tutawezaje kuwaweka wote wawili?

Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Imam Shafi'i, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi. Kumfuga mbwa kwa ulinzi, uwindaji au mifugo kumeruhusiwa, na ndiyo sababu utaona nyumba zenye mbwa uani lakini si sebuleni. Paka naye ana hadithi yake mashuhuri, iliyopokewa na Abu Qatada, kwamba si najisi bali ni katika wanaokuzungukeni nyumbani.

Kwa upande wa ufugaji, mgawanyo huo ni neema: mbwa nje, paka ndani, mlango ndio mpaka. Wanyama wanaoonana kupitia mlango wa grili kila siku huzoeana polepole bila wewe kufanya mengi. Swali linalofuata kwa kawaida ni la paka aliyelambwa na mbwa kisha akarukia msala. Hilo mpelekee sheikh wako.

Tunaishi fleti ndogo. Patatosha?

Paka hapimi nyumba kwa upana, anaipima kwenda juu. Chumba kimoja chenye rafu, kabati na sehemu ya juu ya friji ni kikubwa kwa paka kuliko sebule pana isiyo na pa kupanda. Mwambie fundi akupigilie rafu mbili au tatu zinazofuatana, kila moja ya upana wa kumtosha paka kujikunja, ya juu kabisa ikiwa mbali na mdomo wa mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma. Hakikisha paka anaweza kuvuka kutoka chumba hadi chumba bila kukanyaga sakafu kwa muda mrefu, na kwamba hakuna kona ambayo mbwa anaweza kumbana.

Kwenye ghorofa za juu weka wavu madirishani na roshanini kabla ya jambo lolote. Paka aliyeshtuliwa na mbwa haangalii anaruka wapi. Na mbwa wa fleti lazima atembezwe asubuhi na jioni. Mbwa aliyefungiwa siku nzima atamfanya paka kuwa mchezo wake.

Mkiwa nyumba ya Kiswahili ya wapangaji, yenye ukumbi katikati na uani wa pamoja, zungumza na wenzako na mwenye nyumba kwanza. Mpangaji mmoja anayemrushia mbwa mifupa huku mwingine akimwita paka kwenye karai la samaki atavuruga mpango wote.

## Siku za mwanzo

Nifanye nini hasa siku ya kwanza?

Usiwakutanishe. Paka, awe mgeni au mwenyeji, apewe chumba chenye mlango unaofunga, na ndani yake kila kitu: maji, chakula, mchanga wa choo, pa kujificha na pa kupanda. Mbwa abaki sehemu nyingine akiwa na kamba shingoni. Wacha wasikilizane kupitia mlango. Paka akijificha chini ya kitanda kutwa nzima, muache, usimvute.

Ushauri unaotolewa sana barazani ni "watieni pamoja, watazoeana wenyewe." Ni ushauri mbaya kuliko yote. Mara ya kwanza ikiwa vita, hamuanzi tena kutoka sifuri. Mnaanza kutoka chini ya sifuri. Vilevile usimbebe paka mikononi kumpeleka kwa mbwa "amsalimie." Atakupanda kichwani, na mikwaruzo itakuwa ya kwako.

Baada ya hapo nawakutanisha vipi?

Anza na harufu. Chukua kipande cha leso kuukuu, mpanguse paka mashavuni, kiweke karibu na pa kulala mbwa. Kingine mpanguse mbwa, kiweke chumbani kwa paka, mbali kidogo na chakula. Rudia kila siku. Paka akikifokea kitambaa, kisogeze mbali zaidi. Akikilalia, hongera. Kisha wabadilishe nafasi: mbwa akiwa matembezini, paka azunguke nyumba, paka akiwa juani roshanini, mbwa anuse chumba chake.

Wakati huohuo walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa. Mabakuli yaanze mbali, yasogee kidogo kidogo kila mlo, alimradi wote wanakula bila wasiwasi. Unachofanya hapo ni kuunganisha harufu ya mwenzake na shibe.

Kisha macho. Fremu ya mbao iliyowambwa waya wa kuku, ikiegemezwa na kufungwa vizuri mlangoni, inatosha. Huna haja ya kununua geti la kigeni. Chagua saa ya baridi, asubuhi mapema au baada ya alasiri, mbwa akiwa ametoka kutembea na amechoka. Mshike kamba. Kila anapomtazama paka kisha akakugeukia wewe, mpe kipande cha ini la kuku. Asipogeuka, umesogea karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Dakika chache zatosha. Maliza mambo yakiwa bado mazuri, usingoje mpaka mmoja achoke.

Yakipita majuma ya kutazamana kwa utulivu, ondoa waya lakini kamba ibaki shingoni mwa mbwa, ikiburuta sakafuni ili uweze kuikanyaga. Wacha paka aamue umbali. Baadaye sana ndipo kamba itoke, nawe uwepo. Kuwaacha peke yao nyumbani ni hatua ya mwisho kabisa, na hata hapo wengine hufunga mlango wakitoka. Si aibu.

Itachukua muda gani?

Wachache hukubaliana katika siku kadhaa. Wengi huhitaji wiki. Paka mtu mzima mwenye hofu anaweza kuchukua miezi. Usihesabu siku, hatua isogee mnyama mwoga zaidi anapokuwa tayari. Wakirudi nyuma, nanyi rudini hatua moja.

Nitajuaje kama wanacheza au wanagombana?

Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua chini na kubinua makalio juu, mwili wake ni mlegevu, anaruka ruka bila mpango. Mbwa wa kuogopwa ni yule aliyetulia ghafla: mdomo umefungwa, mwili umekakamaa, macho hayapepesi. Mkia kutikisika si hoja; mbwa hutikisa mkia akiwa amesisimka kwa lolote, hata kwa shari.

Paka aliyelaza masikio, mkia ukipigapiga au manyoya yakisimama, anasema "niondokee." Kufoka kwake ni onyo, si vita. Dalili ya furaha ni mkia uliosimama wima, ncha ikipinda kidogo. Mchezo wa kweli una zamu: leo huyu anafukuza, baada ya muda anafukuzwa. Ikiwa siku zote ni mmoja tu anayekimbia, huo si mchezo, hata kama mbwa wako anaonekana kuchekelea.

Mbwa anamkodolea macho paka kutwa. Hajafanya lolote, niache tu?

Usiache. Kukodoa ndiko kunakotangulia kufukuza. Mkatize mapema, kwa neno moja mlilomfunza, na umlipe akigeuka. Mfunze neno hilo kwanza bila paka: shika dagaa mkononi, sema "acha," ngoja atoe pua, kisha mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili.

Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Mbwa wengi wa huku wamefunzwa kwa Kiingereza na mwalimu wa kulipwa, halafu baba anaamuru kwa Kiswahili, watoto kwa lugha yao ya mtaani, na dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda naye, hakuambiwa chochote. Mwiteni dada na mlinzi siku ya mafunzo. Bila wao hakuna mafunzo.

Nimpige mbwa akimfukuza paka?

Hapana. Mbwa anayechapwa au kufokewa kila paka anapotokea hujifunza kwamba paka ndiye mleta balaa, na chuki inazidi. Wala usimkataze kunguruma. Mngurumo ni hodi; ukimfunza kutonguruma, utabaki na mbwa anayeng'ata bila hodi. Mwondoe kwa kamba, kimya kimya, rudisheni umbali.

Paka akimpiga mbwa kofi naye asiadhibiwe, isipokuwa angalia jicho la mbwa (tazama swali la majeraha).

## Chakula, maji na choo

Wanaweza kula pamoja?

Mahali pamoja, hapana. Paka ale juu, mezani au kwenye rafu. Mbwa ale chini. Kwa saa zilizopangwa, si bakuli linaloachwa wazi kutwa. Chakula kilichoachwa nje Mombasa ni karamu ya kunguru na paka wa jirani, na mbwa anayelinda bakuli lake dhidi ya kunguru atalilinda dhidi ya paka pia. Ramadhani mkibadilisha saa za jikoni, wanyama wabaki na ratiba yao, au isogezeni kidogo kidogo. Harufu ya viazi karai na samaki saa ya magharibi, na wote wawili wana njaa, ndiyo saa ya ugomvi jikoni.

Paka anaweza kula chakula cha mbwa?

Akionja si tatizo, lakini asikitegemee. Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini kutoka kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Ugali mwingi wenye mchuzi wa dagaa kwa mbali, ambao mbwa huvumilia, haumtoshi paka. Kinyume chake, mbwa anayeiba chakula cha paka kila siku atanenepa, na tumbo linaweza kumsumbua kwa mafuta.

Kwa wote wawili: kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu, kwa paka zaidi. Kwa hiyo mabaki ya pilau na mchuzi si zawadi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kuchoma matumbo.

Na maji?

Mabakuli mawili au zaidi, sehemu tofauti, ili mbwa asimzuie paka kunywa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na paka ni mnywaji mvivu tangu hapo. Wape yale mnayokunywa nyinyi. Katika joto la kaskazi, Januari hadi Machi, badilisha mara kadhaa kwa siku.

Mbwa anakula mavi ya paka. Nifanyeje?

Mbwa wengi hufanya hivyo. Kwake ni chakula chenye protini. Shida ni minyoo, pamoja na paka kukosa faragha. Paka anayeviziwa chooni ataanza kujisaidia kitandani kwako, kisha utamlaumu yeye. Weka beseni la mchanga ndani ya chumba ambacho mlango wake unabanwa kwa ndoano ukiacha upenyo wa paka tu, au juu ya kitu ambacho mbwa hapandi. Usiliweke ndani ya sanduku lenye tundu moja, maana mbwa akisimama mlangoni paka amenaswa. Zoa kila siku. Mchanga wa kawaida au unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala unafaa.

## Afya

Wanahitaji chanjo gani kwanza?

Kichaa cha mbwa, wote wawili. Paka pia huugua na huambukiza. Chanjo hutolewa wakifika miezi 3, kisha hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Kenya ilijipangia mwaka 2014 kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo ya mpango huo, kwa kuwa karibu kila mtu anayeambukizwa huupata kwa mbwa. Daktari wa mifugo atakuambia chanjo nyingine za kila mmoja.

Mtu akiumwa na mnyama yeyote, hata wa nyumbani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, mafuta wala dawa ya mtaani. Dalili za kichaa zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona.

Dawa ya kupe ya mbwa naweza kumpaka paka?

Usithubutu. Hili ndilo swali ambalo tungependa lisomwe hata na asiyesoma mengine. Dawa nyingi za kupe za mbwa zina pamethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka, kisha degedege, kisha kifo. Amitrazi, inayouzwa sana kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa kuogeshea ng'ombe na mbwa, nayo si ya paka.

Hata ukimpaka mbwa peke yake, paka anayemlamba au kulala karibu naye yumo hatarini. Watenganishe mpaka dawa ikauke kabisa. Siku 3 ni salama zaidi. Muuzaji akikuambia "hii ni ya wote," soma kibandiko mwenyewe, na usipoona neno paka, rudi nyumbani mikono mitupu. Fipronili, dawa nyingine ya kupe na viroboto, ipo ya paka na ya mbwa, kila moja kwa kipimo chake.

Na mukiwa mnapanga dawa: Panadol ni sumu kali kwa paka, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Deto ya kuoshea sakafu pia haimfai paka, maana hulamba nyayo zake.

Viroboto na minyoo, je?

Kiroboto anayewasumbua mbwa wengi ni yule yule wa paka. Kwa hiyo tibu wote siku moja, kila mmoja kwa dawa yake, na ufue matandiko. Ukimtibu mmoja unawahamisha viroboto tu. Kiroboto akimezwa wakati wa kujilamba huleta tegu. Minyoo wapewe dawa mara kwa mara. Kila miezi 3 ni kawaida kwa wanaotoka nje. Safura wa mbwa na paka hupenya ngozi ya binadamu kwenye mchanga uliochafuliwa na kuchora mistari inayowasha, jambo ambalo watoto wanaocheza pekupeku ufukweni wanalijua. Choa, au mashilingi, huhama kati ya paka, mbwa na watoto. Akionekana nacho mmoja, kagua wote.

Wameumizana. Ni lini nimuone daktari?

Jicho: mara moja. Kucha ya paka ikigusa mboni, mbwa hufumba jicho na kutoa machozi. Ukichelewa jicho linaweza kupotea. Jino la mbwa kwa paka: siku hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo, kwa sababu chini ya ngozi panaweza kuwa pamechanika pakubwa. Jino la paka kwa mtu huingiza vijidudu ndani sana. Mkono ukivimba usingoje.

Nina mimba. Nimtoe paka?

Huna haja. Toksoplasma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye mavi ya paka, lakini huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mtu mwingine azoe mchanga kila siku. Nyama iive, mboga zioshwe. Mwambie daktari wa kliniki kwamba una paka.

## Hali zisizo za kawaida

Mbwa wetu ni wa ulinzi, hufunguliwa usiku. Paka je?

Wapeni zamu. Paka alishwe magharibi ndani ya nyumba, kila siku saa ile ile, na mlango ufungwe. Mbwa afunguliwe baada ya isha. Paka akizoea kwamba chakula kinakuja na adhana, atarudi mwenyewe. Mlinzi apewe amri ya wazi: hafungui banda mpaka aambiwe paka ameingia. Kama kuna mbwa wa kampuni ya ulinzi anayebadilishwa kila wiki, usijaribu kumzoesha. Huyo hana muda wa kuzoea, na paka abaki ndani.

Paka si wangu, ni wa mtaani, na mbwa anawafukuza. Ni vibaya?

Ni vibaya kama una paka nyumbani. Watu humtuma mbwa kwa "mshike!" paka wa mtaa akiruka ukuta, wakacheka, kisha wakashangaa mbwa yule yule akimkamata paka wao. Mbwa hajui hati ya umiliki. Ondoa kinachowaleta: mabaki ya samaki, taka wazi, bakuli la mbwa. Mbwa akiwafuata, muite kwa lile neno mlilochagua.

Walikuwa wanaelewana, ghafla wanapigana. Kumetokea nini?

Anza kwa daktari. Mnyama mwenye maumivu ya jino, sikio au kiungo huwa mkali, na mbwa mzee asiyeona vizuri hushtuka akiguswa. Kisha fikiria harufu: aliyetoka kliniki au kuogeshwa hurudi ananuka kama mgeni. Mtenge usiku mmoja na upitishe leso kama mlivyofanya mwanzo. Jike kwenye joto na dume asiyehasiwa nao huvuruga. Kuhasi na kufunga kizazi hupunguza mengi, ingawa hakufunzi adabu.

Fataki ndizo sababu inayosahaulika. Usiku wa Mwaka Mpya na wa Diwali mbwa aliyepagawa kwa hofu humuuma aliye karibu, na aliye karibu ni paka. Usiku huo kila mmoja chumbani kwake, mapazia yamefungwa, redio inasema.

Tunahama, au tunavuka na wote wawili. Tusafiri vipi?

Tofauti. Paka ndani ya tenga lenye mfuniko uliofungwa imara, juu yake leso nyepesi ya kumkinga na macho ya watu huku hewa ikipita. Mbwa kwa kamba na mtu mwingine. Kwenye feri ya Likoni yenye msongamano na honi, paka asiyefungiwa atakuponyoka. Mkifika nyumba mpya, anzeni upya kwa chumba na mlango, ingawa hatua zitakwenda haraka zaidi. Paka asitoke nje kwa wiki 2 au 3, la sivyo atajaribu kurudi mlikotoka.

Mbwa wangu ameshawahi kuua paka. Naweza kuleta mwingine?

Nakushauri usilete. Mbwa aliyeua ameshaonja kwamba kufukuza kuna mwisho mtamu kwake, na hakuna idadi ya maini ya kuku itakayokupa uhakika siku usiyokuwepo. Si mbwa mbaya, na anaweza kuwa mlinzi mwema na mpole kwa watoto, ila nyumba yake iwe ya mbwa peke yake.

Kama paka tayari yupo, kwa mfano umeolewa ukahamia na paka wako kwenye nyumba yenye mbwa wa aina hiyo, watenganishe kwa milango miwili. Mmoja hufunguliwa na mtoto aliyesahau, na ndiyo maana inatakiwa miwili. Mbwa avae kifunga mdomo wakati wowote wanapopishana. Mtafuteni mkufunzi au daktari wa mifugo anayejua tabia amwone mbwa mwenyewe. Akisema haiwezekani, mtafutieni paka au mbwa nyumba nyingine mapema, kwa mtu mnayemjua, kabla dharura haijawaamulia.